Msafara Hupimwa kwa Aliye Nyuma

Watu thelathini huweza kuondoka pamoja. Kufika pamoja ni jambo jingine. Kila aliyewahi kuwaongoza maskauti kutoka Kindu kuelekea vijiji vya msituni anaijua hali hii: alfajiri watoto hukusanyika uwanjani, skafu shingoni na fimbo mkononi, wakaimba, wakahesabiwa, na kiongozi akaona mbele yake kundi moja lenye sare moja na nia moja, lakini jua halijavuka vilele vya michikichi kundi hilo limekwisha kuwa makundi matatu, wa mbele ambao kelele zao hazisikiki tena, wa kati ambao hawajui kama waharakishe au wangoje, na wa nyuma, aghalabu wawili au watatu, wanaokwenda kimya wakitazama chini.

Ni desturi ya viongozi wengi kuwahesabu hao wa nyuma kuwa ndio udhia wa safari, wakawaita, wakawahimiza, pengine wakawakaripia, hata mwisho wakafika wakiwa taabani na wameapa moyoni kutorudi tena. Makala haya yanasema kinyume cha hayo. Aliye nyuma ndiye kipimo cha msafara, na kiongozi asiyejua kukisoma kipimo hicho hajaongoza bado, hata akiwa wa kwanza kufika. Tena hakuna nchi inayostahiki kulifahamu jambo hili kuliko Maniema, kwa sababu njia za Maniema zimepitiwa na misafara mingi, na zimeyaona yaliyowapata watu walioshindwa kwenda na wenzao.

Kindu, mji mkuu wa jimbo hilo la Kongo, uko ukingo wa kushoto wa Mto Lualaba, na ng'ambo ya pili iko Alunguli, ambayo pamoja na Kasuku na Mikelenge ndizo komini tatu za mji. Nchi hii si ya milima mirefu ya kumkata mtu pumzi. Kinachomchosha msafiri hapa ni joto lenye unyevu ambamo jasho halikauki mwilini, ni tope na mizizi, ni vijito vinavyovukwa juu ya gogo moja, ni majani marefu yanayoifunika njia hata mtu aliye hatua ishirini mbele asionekane. Reli ya kutoka Kongolo huishia Kindu, na mto huchukua vyombo kuelekea Ubundu, lakini mwenye kutaka kufika shambani, sokoni au kwa jamaa zake kijijini bado huitegemea miguu yake, na wachuuzi huzisukuma baiskeli zilizosheheni mchele na mafuta ya mawese, wakizifuata kwa miguu siku baada ya siku. Kwa hiyo kutembea si anasa wala mchezo kwa mtoto wa Maniema. Skauti anapofundishwa kutembea na wenzake anafundishwa jambo atakalolitumia maisha yake yote.

Uskauti wenyewe ulianza kwa kambi. Mwezi wa Agosti 1907 Robert Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20, baadhi yao wana wa matajiri na baadhi wana wa wafanyakazi, akawapeleka katika kisiwa cha Brownsea kusini mwa Uingereza, akawagawanya katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake aliyekuwa mvulana vilevile. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake cha mafunzo, na jambo hilo likaenea ulimwenguni kwa wepesi wa ajabu. Nchini Kongo lilipandwa katika miaka ya 1920, likalelewa hasa na misheni na shule, na mpaka leo parokia nyingi zina watoto wao wenye skafu. Miongoni mwa mitihani ya zamani ya skauti wa daraja la kwanza ulikuwamo huu: aende kwa miguu au kwa kupiga makasia, peke yake au pamoja na mwenzake mmoja, mpaka mahali palipo umbali wa maili 7, kisha arudi na kuandika habari za safari yake. Baden-Powell alifundisha pia mwendo wa kuchanganya, hatua kadhaa za kutembea na hatua kadhaa za kukimbia polepole, ambao humwezesha mtu kufika mbali bila ya kuchoka sana. Lakini mwendo huo ni wa tarishi anayepeleka habari. Tarishi huenda peke yake, na mwili wake ndio anaoushauri; kundi la watoto lina miili mingi, na kila mwili una shauri lake.

Tofauti ya mwendo si tofauti ya tabia. Mtoto wa miaka 11 ana miguu mifupi, na hulazimika kupiga hatua nyingi zaidi kuliko kijana wa miaka 17 ili avuke masafa yale yale. Zaidi ya hayo kila mtu ana mwendo wake wa maumbile, ambao ndio unaomgharimu nguvu kidogo kuliko mwendo mwingine wowote; akisukumwa aupite huo atachoka upesi, na akizuiliwa asiufikie atachoka pia, japo uchovu wake ni wa namna nyingine. Chukua safari ya kilomita 12. Anayekwenda kilomita 5 kwa saa ataimaliza kwa saa 2 na dakika 24. Anayekwenda kilomita 3 atahitaji saa 4 kamili. Baada ya saa moja ya kwanza tu, baina yao pana kilomita 2, na kilomita 2 za msitu ni nchi nzima: sauti haifiki, filimbi haifiki, na katikati yake huenda pana njia panda ambayo mmoja ameipita akijua aendako na mwingine ataifikia asijue.

Kuna na jambo jingine ambalo halionekani mpaka mtu atembee mwisho wa safu. Safu ikifika penye gogo la kuvukia, wa kwanza hupita bila ya kungoja na kuendelea na mwendo wake. Wa pili hungoja kidogo, wa tatu hungoja zaidi, na wa thelathini husimama muda mrefu, kisha akivuka humkuta mwenzake amekwisha kutoweka, naye hulazimika kukimbia. Kwa hiyo wa mbele huenda mwendo mmoja tangu asubuhi hata jioni, ilhali wa nyuma husimama na kukimbia, husimama na kukimbia, na hakuna mwendo unaochosha kuliko huo. Hatimaye wa mbele hufika penye kivuli, wakaketi, wakanywa maji, wakapumua. Na wa nyuma wanapotokea, wale huinuka, kwa kuwa wamekwisha kupumzika na kungoja kumewachosha. Basi aliyechoka kuliko wote ndiye apumzikaye kidogo kuliko wote, na pumziko humwendea asiyelihitaji. Dhuluma hii hutendeka kila wiki katika misafara ya watoto, wala hakuna aliyeikusudia. Yatosha kiongozi awe mbele na asigeuke nyuma.

Wazee wetu wa njia walilijua hilo. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1857 na 1858, aliandika kwa tafsili jinsi misafara ya biashara ilivyopangwa. Mbele alikwenda kirangozi, yaani mwongoza njia, amevaa mavazi ya kumtambulisha, na bendera nyekundu ikipepea. Wala hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyethubutu kumtangulia alichomolewa mshale katika podo lake, ili jioni kambini ajulikane ni nani na atozwe faini. Nyuma ya kirangozi walifuata wapagazi wa pembe za ndovu, waliobeba mizigo mizito kuliko yote na kuona fahari kwa hilo; kisha wakaja wa nguo na shanga, ambao mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70; na baada yao wenye vitu vyepesi. Mwisho kabisa alikwenda mwenye mali mwenyewe, ili pasiwe na mpagazi wa kutoroka wala mzigo wa kupotea.

Msomaji na autafakari mpango huo, kwa sababu una hekima iliyojaribiwa kwa miaka mingi na maelfu ya miguu. Mtu mmoja peke yake ndiye mwenye amri ya mwendo, na kumpita ni kosa lenye adhabu. Wenye mizigo mizito wako karibu naye, kwa hiyo mwendo wake hauna budi kuwa mwendo wao, na wenye mizigo myepesi walio nyuma wanaweza kuufuata bila ya taabu. Na mwenye dhamana kubwa kuliko wote yuko nyuma ya wote, mahali ambapo kila kilichoanguka na kila aliyelegea kitapita mbele ya macho yake.

Lakini nidhamu hiyo ilikuwa nidhamu ya kulinda mali, na wanadamu wengi waliokwenda katika njia zile walihesabiwa kuwa ni mali pia. Mwezi wa Juni 1866, alipokuwa akipita nchi za Mto Ruvuma, David Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba alimkuta mwanamke amefungwa shingo mtini, amekufa. Na watu wa pale wakamweleza kuwa alishindwa kwenda na watumwa wenzake. Miaka mitano baadaye Livingstone huyo huyo alikuwako Nyangwe, juu ya Lualaba, kusini mwa mahali ulipo mji wa Kindu leo, na mwezi wa Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wa soko wakipigwa risasi na kuzama mtoni. Kutoka Nyangwe na Kasongo misafara ilitoka na pembe na mateka kuelekea Tanganyika na pwani, na sheria ya njia zile ilikuwa moja: mwenye nguvu huenda, na asiyeweza huachwa. Nalitaja jambo hili zito katika makala ya watoto wanaotembea kwa sababu sipati njia nyepesi ya kusema uzito wa jambo lenyewe. Mtoto wa Maniema anapofundishwa kwamba hakuna mtu wa kuachwa nyuma, anafundishwa kuibatilisha sheria ile juu ya ardhi ile ile.

Tena katika historia hiyo hiyo limo somo jingine. Tarehe 5 Novemba 1876 Henry Stanley aliondoka Nyangwe akifuatana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, wakaingia katika msitu mnene kuelekea kaskazini. Stanley alikuwa na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili ichukulike mabegani, na wabebaji wa vipande hivyo walikuwa wakifika kambini baada ya wenzao wote, nguvu zimewaishia, kwa kuwa upenyo uliomtosha mtu haukukitosha kipande cha mashua, hata ikabidi watu wenye mashoka watangulie kuipanua njia. Walikuwa watu shupavu, na kama wangalipewa mizigo ya wenzao wasingalichelewa. Tarehe 19 Novemba walifika tena mtoni, mashua ikaungwa na kushushwa majini, na mzigo uliokuwa ukiwachelewesha ukawa ndio unaowachukua. Kabla ya kumlaumu aliye nyuma, tazama kwanza amebeba nini na anapita wapi.

Kindu ni mji wa Waislamu na Wakristo, na katika jambo hili dini zote mbili zinasema kwa sauti moja. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad, alipomfanya Uthman bin Abi al-As kuwa imamu wa watu wake, alimwagiza amfanye aliye dhaifu kuwa kipimo chake katika kuwaongoza. Na imepokewa pia kutoka kwa Jabir kwamba safarini Mtume alikuwa akibaki nyuma, akiwaswaga taratibu wanyama waliolegea, akiwapakia nyuma yake watu waliochoka na kuwaombea dua. Nayo Biblia, katika kitabu cha Mwanzo, yaeleza jinsi Esau alivyotaka kufuatana na Yakobo njia moja, na Yakobo akamwomba atangulie, kwa kuwa yeye ana watoto wachanga na kondoo wanyonyeshao, na wakiharakishwa siku moja tu wanyama wote watakufa. Basi yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Yakobo alikuwa bwana wa mali na watu, na hakuona aibu kusema hivyo mbele ya ndugu yake aliyekuja na watu 400.

Hata wataalamu wa viwanda wamelifikia jambo hilo. Mwaka 1984 Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alitoa riwaya iitwayo The Goal, ambamo meneja wa kiwanda kinachoelekea kufungwa anawaongoza maskauti wa kundi la mwanawe katika matembezi, na safu yao inarefuka kila saa kwa sababu ya mvulana mmoja mnene aitwaye Herbie. Meneja anajaribu kuwahimiza wote, asifaulu. Mwisho anamweka Herbie mbele, anafungua mkoba wake, anaukuta umejaa vitu vizito, anavigawa kwa wenzake, na kundi zima linakwenda pamoja tena upesi kuliko kwanza. Ndipo anapofahamu kwamba kiwanda chake hutoa mali kwa kadiri ya mashine yake iliyo ya polepole kuliko zote, na kwamba kuziharakisha nyingine hakuzidishi chochote ila msongamano. Kitabu hicho kimesomwa na mameneja wa nchi nyingi. Wapagazi wa pembe walikuwa wamekwisha kuitembea kanuni yake zaidi ya miaka mia kabla ya hapo.

Sasa tuyalete haya katika njia yenyewe, na tuanze pale Lualaba, ambapo kundi linalokwenda upande wa Alunguli lazima ligawanyike kabla ya kuanza. Kundi likivuka kwa mitumbwi, mtumbwi wa kwanza na apande msaidizi wa kiongozi, ili watoto wasifike ng'ambo pasipo mkubwa, na wa mwisho apande kiongozi mwenyewe, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki akinunua karanga. Kila mtoto awe na koti la kuelea, na asiyekuwa nalo asipande. Watoto wahesabiwe kabla ya kupanda na wahesabiwe tena baada ya kushuka, kwa majina, si kwa vichwa tu, maana vichwa thelathini vinaweza kutimia hata kama mmoja wao ni wa mtoto wa jirani aliyefuata ngoma.

Baada ya hapo safu ipangwe. Mbele aende kijana mzoefu anayeijua njia, mwenye macho ya kuona nyoka na tawi bovu, na hakuna wa kumpita. Nyuma yake, wa pili na wa tatu, wawekwe wale ambao mwendo wao ni mdogo kuliko wa wenzao. Baadhi ya viongozi humweka mnyonge kuwa wa kwanza kabisa. Nia yao ni njema, lakini mtoto huyo atahisi macho ya wote mgongoni mwake, na njia isiyojulikana itamtia hofu. Akiwa wa pili ana mgongo wa kuufuata na mtu wa kusema naye, na yule wa mbele anamsikia akihema, kwa hiyo anajua lini apunguze. Wenye nguvu wakae katikati na nyuma, wawili wawili, kila mmoja akiwa na dhamana ya mwenzake. Mwisho kabisa aende kiongozi mkuu, yule ambaye watoto humwita shefu, pamoja na mfuko wa dawa, na amri yake iwe hii: hakuna mtu nyuma yangu.

Pumziko lianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapoketi. Neno hili dogo, likishikwa sawasawa, huponya nusu ya maradhi ya msafara. Dakika 10 katika kila saa hutosha, lakini ziwe 10 za wa mwisho. Na kuondoka kutangazwe na yeye, baada ya kunywa maji na kufunga kiatu chake. Pale penye gogo, tope au kijito, wa mbele avuke, aende hatua chache, asimame mpaka asikie filimbi ya wa nyuma ikimwambia kwamba wote wamevuka. Penye njia panda asiondoke mtu mpaka safu yote ionane. Na ikibidi kutangulia, njia isiyofuatwa ifungwe kwa tawi au mstari, kama walivyofanya watu wa misafara na kama maskauti wote wanavyofundishwa kuandika njiani kwa mawe na vijiti. Lugha hiyo ya alama Baden-Powell aliipenda hata mauti: alifariki tarehe 8 Januari 1941 huko Nyeri, Kenya, na juu ya jiwe la kaburi lake ikachorwa duara yenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti maana yake ni kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani.

Mizigo ipimwe kabla ya safari. Wataalamu wengi hushauri kwamba mzigo wa mtoto usipite asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30, basi, achukue kilo 3, nne na nusu ikizidi sana, na sufuria ya kundi, unga na turubai wachukue wenye mabega. Viatu vitazamwe, maana mwenye ndala iliyokatika si mvivu, na lengelenge lililofunikwa mapema si sawa na lengelenge lililopasuka. Aulizwe kila mtoto kama amekula, na kama ameugua malaria siku za karibuni. Na hasa waulizwe wazazi, kwa siri na kwa staha, kama mtoto ana ugonjwa wa selimundu, ambao watu wengi wa Kongo huuita SS, kwa kuwa Kongo ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa maradhi hayo duniani, na jua, kiu na mbio vinaweza kumletea mtoto kama huyo maumivu makali na hatari ya maisha. Mtoto wa namna hii anapobaki nyuma, mwili wake unasema kweli. Anayemhimiza akimbie anaunyamazisha ushahidi wake.

Kuna saa moja ambayo kiongozi aiandike kabla ya kuondoka, nayo ni saa ya kugeuka. Kindu iko kama digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Jua huchwa karibu wakati mmoja mwaka mzima, na baada ya magharibi giza huingia kwa haraka, msituni kwa haraka zaidi. Hesabu ya safari ifanywe kwa mwendo wa aliye mdogo, kilomita 3 kwa saa au pungufu yake penye tope, na alasiri ikiingia kundi likiwa halijafika liendako, ligeuke pasipo majuto. Tena waende zaidi katika miezi ya Juni hadi Agosti, mvua inapopungua, na waondoke alfajiri ili adhuhuri iwakute kivulini.

Sasa wale wenye kasi. Nao ni watoto, wana haki zao, na kuwaburuta nyuma ya wadogo siku nzima pasipo kazi ni kuwafundisha kuwachukia wadogo. Dawa yao ni dhamana. Mmoja apewe daftari la kuandika kila kijito na kila kijiji; wawili wapewe kuchota maji ya kambi na kuyachemsha; mwingine atangulie hadi mwisho wa sauti ya filimbi akatazame gogo kama ni zima, kisha arudi kutoa habari, na kwa njia hiyo atakuwa ametembea safari moja na nusu wenziwe wakienda moja. Na siku nyingine wapewe safari yao wenyewe, ya vijana wa mwendo mmoja, waende mbali kwa kadiri ya nguvu zao. Insafu si kumpa kila mtu kitu kilekile. Ni kumpa kila mtu safari inayomfaa.

Yupo atakayesema kwamba malezi haya yanadekeza, na kwamba maisha hayamngoji mtu. Neno hilo lina ukweli, maana mtoto lazima ajifunze kustahimili, na mnyonge naye ana wajibu wa kujitahidi. Lakini wenye kuwaongoza watoto kwa miaka mingi wanajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mtoto aliyechoka humwambia kiongozi wake, "Shefu, wenzangu wananingoja mimi. Niacheni tu, nitafika." Kiongozi mwenye busara humjibu, "Hapana, mdogo wangu. Njoo huku mbele, leo sisi ndio tunaokufuata." Na mara nyingi mtoto huyo, akisha kuketishwa, kunyweshwa maji, kupunguziwa sufuria na kuwekwa wa pili katika safu, huenda vizuri kuliko alivyodhaniwa, kwa sababu nguvu zilizokuwa zikiishia katika aibu na mbio sasa zinaingia katika hatua. Ustahimilivu hujengwa kwa safari zinazomalizika. Aliyeachwa njiani hajifunzi kustahimili. Hujifunza tu kwamba wenzake hawategemewi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wazazi wa Kindu, siku watoto wenu warudipo kutoka matembezini, msiwaulize nani alifika wa kwanza. Waulizeni nani alikuwa wa mwisho, na nani alikwenda pamoja naye, na jibu la swali hilo litawaelezeni kiongozi wao ni mtu wa namna gani. Nanyi viongozi, vijana mnaojitolea siku zenu za mapumziko pasipo ujira, mkabidhini filimbi ya mbele kijana mmoja mnayemwamini, kisha nendeni mkatembee nyuma. Huko ndiko mahali pa mwenye dhamana, na safari haijaisha mpaka huyo afike akiwa na wote.